Timu ni ya Nani Siku Inapohama?

Wadau, tangu Kagera Sugar iliposhuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/2025, huku kwetu Bugene kuna wazo linalozunguka kijiweni, kwenye daladala, hata kwenye foleni ya mashine ya kukoboa kahawa. Wazo lenyewe ni fupi tu: kwa nini tusinunue timu? Mkoa una watu karibu milioni 3 kwa sensa ya 2022, na msimu wa 2025/2026 ulipoanza haukuwa na timu Ligi Kuu. Singida wana watu milioni 2 na kidogo, lakini wao wamekuwa wakibadilisha timu kama mtu anavyobadilisha laini ya simu. Kama Singida waliweza, tunashindwa nini?

Nimeamua kulijibu swali hilo kwa historia. Historia ya timu kuhama Tanzania ni ndefu kuliko tunavyodhani, na si yote ya kuchekesha.

Tuanzie Ubaruku, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Ni nchi ya mpunga. Ihefu lenyewe ni jina la lile bonde oevu linalolisha Mto Ruaha Mkuu, na ndilo walilolitumia kuibatiza timu yao. Ihefu ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka 2021, ikarudi 2022. Timu ya kawaida kabisa, ya kupambana isishuke. Halafu ikaja tarehe 29 Novemba 2022. Yanga walifika uwanja wa Highland Estates wakiwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, rekodi ambayo hakuna aliyetegemea ingefia shambani. Ihefu wakashinda 2-1. Oktoba 2023 Yanga wakarudi Ubaruku, na matokeo yakawa yale yale, 2-1. Jamani, mara mbili! Kuna miji mikubwa nchi hii ambayo haijawahi kuionja furaha hiyo hata mara moja.

Miezi michache baadaye, mapema mwaka 2024, timu ikachukuliwa. Wamiliki wapya, makao mapya, uwanja wa Liti mjini Singida. Msimu uliofuata hata jina likafutwa, ikaitwa Singida Black Stars. Kimpira mpango ulikwenda vizuri sana: wakamaliza nafasi ya 4 msimu wa 2024/2025, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Yanga, na Septemba 2025 wakatwaa Kombe la Kagame. Ukimuuliza mwenye timu, atakuambia uamuzi ulikuwa sahihi, na kwa hesabu zake hakosei. Lakini yule kijana wa Mbarali aliyeruka uzio Novemba 2022, kombe la Kagame yeye analisherehekea kama nani?

Na usidhani Singida ndio wezi wa hadithi hii, kwani wao wenyewe wamehamwa. Singida United ilipanda 2017 kwa kishindo, ikashuka 2020. Mwaka 2022 ikaja DTB, timu ya benki iliyokuwa Dar es Salaam; ilipopanda tu ikabadilishwa jina na kuwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Msimu haujaisha ikahamia Mwanza kucheza CCM Kirumba, na msimu wa 2024/2025 ikaonekana Babati mkoani Manyara, uwanja wa Tanzanite Kwaraa, neno Singida likiwa limeondolewa kabisa. Yaani katika mwaka huo huo wa 2024 Singida walipoteza timu moja na kupokea nyingine, kama abiria wanaopishana mlangoni pa basi.

Tabora nao hivyo hivyo. Kitayosce ilikuwa timu ya Kilimanjaro. Ikahamia Tabora ikiwa bado madaraja ya chini, ikapanda Ligi Kuu 2023 na kugeuzwa Tabora United. Mchezo wake wa kwanza, Agosti 2023 dhidi ya Azam pale Chamazi, iliingia na wachezaji 8 kwa sababu ya matatizo ya usajili, ikafungwa 4-0 na mchezo ukavunjika mapema kwa kukosa idadi. Mwaka 2025 ikabadilika tena, safari hii ikaitwa TRA United. Ukiwa na jezi ya Kitayosce ya 2021 kabatini, itunze. Ni nyaraka ya kihistoria.

Sasa wazee watasema, enzi zetu haya hayakuwepo. Ni kweli kwa sehemu. Ligi yetu ilianza 1965, Sunderland (Simba ya leo) wakawa mabingwa wa kwanza, na kwa miaka mingi timu za mikoani zilikuwa za mashirika ya umma. RTC Kagera, RTC Mwanza, RTC Kigoma: hizo zilikuwa timu za kampuni za biashara za mikoa. Pamba ya Mwanza jina linajieleza. Timu ya shirika haikuhama, kwa sababu shirika lenyewe halikuweza kuhama. Ila iliweza kufa, na nyingi zilikufa. Uchumi ulipobadilika na mashirika yakafilisika au kuuzwa, timu zilikwenda nayo. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema zamani timu zilikuwa za wananchi, huwa natabasamu. Zilikuwa za meneja wa mkoa na fungu lake la michezo.

Kagera Sugar ni mtoto wa zama zilizofuata. Kiwanda cha sukari kule Misenyi kiliumizwa na vita vya 1978-79, kikasinzia miaka mingi, kikabinafsishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na timu ikapata chakula chake huko. Kwa karibu miongo miwili ndiyo iliyokuwa anwani yetu kwenye ligi. Watu wanasahau ilivyokuwa ngumu. Tarehe 19 Mei 2018, uwanja wa Taifa, Simba hawajapoteza hata mechi moja msimu mzima, Rais Magufuli yuko jukwaani kuwakabidhi kombe. Edward Christopher akafunga, Juma Kaseja akapangua penalti ya Okwi, Kagera Sugar wakashinda 1-0 mbele ya rais. Msimu uliofuata wakamfunga Simba nyumbani na ugenini.

Lakini hata sisi tuliwahi kuhamwa, ingawa kwa muda. Kaitaba ilipofungwa ili kuwekewa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, kati ya 2014 na 2016, Kagera Sugar ikawa timu ya barabarani. Ikacheza "nyumbani" Mwanza, ikacheza "nyumbani" Shinyanga pale Kambarage, ikacheza "nyumbani" Tabora. Weka alama za funga na fungua hapo, maana nyumbani gani kule? Na kumbuka MV Victoria ilisimama 2014, haikurudi majini hadi 2020, kwa hiyo shabiki wa Bukoba aliyetaka kwenda Kirumba alikuwa na basi tu, kuzunguka kupitia Biharamulo. Wa Bugene ndiyo usiseme. Timu iliporudi Kaitaba, Oktoba 2016 Yanga wakaja wakaifunga 6-2. Karibu nyumbani!

Kuna aina ya kuhama ambayo nina huruma nayo zaidi. Msimu wa 2020/2021 Mbeya ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Mbeya City, Prisons na Ihefu. Prisons wakachukua virago wakaenda Sumbawanga, uwanja wa Nelson Mandela, na Oktoba 2020 wakawafunga Simba 1-0 huko huko. Rukwa walijaa. Baadaye Prisons wakarudi Mbeya, hakuna aliyeuziwa wala kubadilishiwa jina. Ilikuwa kama mkopo. KMC nao, timu ya Manispaa ya Kinondoni, waliwahi kuwapokea Yanga Songea na Simba Tabora, kwa sababu inayoeleweka: Kinondoni viti havijai, mikoani kila mtu anataka kuwaona wakubwa mara moja kwa mwaka. Ni biashara, lakini angalau walikuwa wanatuletea mpira, hawauchukui.

Nilipokuwa natafuta mfano wa nje nikaangukia kwenye mchezo ambao hapa Karagwe hautachezwa hata siku ya kiama, magongo ya barafuni, kule Marekani na Kanada. Wenzetu ligi yao haina kupanda wala kushuka. Nafasi ni mali, inauzwa na ligi yenyewe. Las Vegas waliingia 2017 kwa dola milioni 500, Seattle wakaingia 2021 kwa dola milioni 650. Usipokuwa na hizo, unasubiri timu ya mwingine ichoke. Winnipeg walipoteza timu yao 1996 ikaenda Phoenix, wakakaa miaka 15 hadi 2011 ndipo wakapata nyingine, nayo ilitoka Atlanta. Ile ya Phoenix ikaondoka tena 2024 kwenda Utah. Kinachouma kuliko vyote ni Quebec: timu yao iliuzwa 1995 ikahamia Denver, na mwaka mmoja tu baadaye, 1996, ikatwaa ubingwa. Quebec wakajenga ukumbi mpya uliofunguliwa 2015 ili kuivuta ligi irudi. Ukumbi upo, timu haijarudi.

Tofauti yetu na wao ndiyo inayonishangaza. Wao wanahama kwa sababu mlango mwingine haupo. Sisi mlango upo! Ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, kisha madaraja mawili chini ya Ligi Kuu. Timu ya kijiji chochote inaruhusiwa kuanza kupanda kesho asubuhi. Tukuyu Stars walipanda na kuchukua ubingwa mwaka 1986, kutoka mji mdogo wa milimani wenye migomba, sawasawa na sisi. Namungo walitoka Ruangwa, Lindi, wakapanda 2019, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho 2020, na 2021 wakacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. (Najua, najua. Ruangwa ndiko kwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, na si kila wilaya ina Waziri Mkuu.)

Na ligi nayo imekuwa ikipanuka na kusinyaa kama akodiani. Ilikuwa timu 14, ikawa 16 mwaka 2015, ikafika 20 msimu wa 2018/2019, ikashushwa 18 msimu wa 2020/2021, ikarudi 16 uliofuata. Wakati wa timu 20 nauli ziliziua timu ndogo, kila mtu alilia. Kwa hiyo anayesubiri ligi iongezwe ili Kagera ipate nafasi ya bure, asubiri akiwa amekaa.

Turudi kwenye kununua. Tuseme wafanyabiashara wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa wanachanga, wananunua timu ya mtu, wanaileta. Itacheza wapi? Bodi ya Ligi inafungia viwanja kila msimu, na cha kwetu hakifiki hata hatua ya kukaguliwa. Itakwenda Kaitaba, kilomita zaidi ya 100 kutoka hapa. Barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, ile ya kilomita 59.1, imesaidia, lakini mechi ya saa 10 jioni bado inamaanisha kurudi usiku. Halafu tuwe wakweli. Kagera Sugar walipokuwa wanacheza na Yanga pale Kaitaba, jezi zipi zilikuwa nyingi jukwaani? Hapa Bugene nimezaliwa nikakuta watu ni Simba au Yanga, na Kagera Sugar ni timu ya kuiombea isishuke. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 haziwezi kuhamishwa na mtu kwa sababu zina wanachama wenye kadi na wenye kelele. Kagera Sugar ilikuwa na mwajiri.

Mimi sitachangia timu ya kununua. Nitachangia timu ya wilaya yenye katiba na kadi za uanachama, hata kama itakaa miaka 10 kwenye ligi ya mkoa inafungwa na Muleba. Pesa ya kununua timu ya Ligi Kuu ingetosha kuweka uzio, vyumba vya kubadilishia nguo na nyasi kwenye uwanja mmoja Kayanga na mwingine Kyerwa. Na mwenye timu akifilisika, uwanja hauwezi kupakiwa kwenye Fuso ukapelekwa Babati.

Kuna mdau ataniambia naota. Sawa, aje tubishane. Na kwa wazee mnaosoma: mwenye picha au kipande cha gazeti cha RTC Kagera enzi hizo, naomba tuwasiliane. Nataka kujua siku ile ya mwisho, ilipokufa, nani alibaki na jezi.