Mlima Mtakatifu Uliohamishiwa Ziwani Kwetu

Ukisimama gatini Kamanga na kuutazama mji wa Mwanza ng'ambo ya ghuba, utaona vilima na majabali. Mlima mrefu wenye theluji hutauona. Hata hivyo, katika karne ya 19 mlima mtakatifu wa Wahindu ulihamishiwa huku kwetu kwa kalamu.

Wahindu wameiheshimu milima tangu kale. Mlima Kailash, ulioko Tibet, una urefu wa zaidi ya mita 6,600, na kwa imani yao ni maskani ya mungu Shiva. Mahujaji hawaupandi, bali huuzunguka kwa miguu, mwendo wa kilometa 52 hivi. Karibu nao lipo ziwa Manasarovar, na katika eneo hilo huanzia mito mikubwa, ikiwemo Indus na Brahmaputra. Vitabu vyao vya kale viitwavyo Purana husimulia pia juu ya mlima Meru, kitovu cha ulimwengu. Kwa hiyo mlima, ziwa na mto ni mambo yanayokwenda pamoja katika fikra za Kihindu.

Sasa, katika miaka ya 1790, afisa wa jeshi la Waingereza huko India, Francis Wilford, alitaka kujua kama Purana zinautaja mto Nile. Alimsimulia mwanachuoni aliyemwajiri habari za Misri na Ugiriki, akamtaka atafute zinazofanana nazo. Kumbe zikapatikana! Wilford akatangaza kwamba Wahindu wa kale walikijua chanzo cha Nile: ziwa Amara, karibu na Somagiri, yaani Mlima wa Mwezi, katika nchi ya mwezi.

Mwaka 1805 Wilford mwenyewe alikiri hadharani kwamba alidanganywa. Mwanachuoni yule alikuwa amebadilisha majina katika kurasa na kutunga hadithi nyingine kichwani mwake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu. Mwaka 1860, miaka 55 baada ya Wilford kukiri, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Rigby, alimpa John Hanning Speke makala ileile pamoja na ramani yake. Speke alikuwa amekwisha kuliona ziwa letu Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake. Kwa mtu aliyepita Unyamwezi, jina la nchi ya mwezi lilivutia mno. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 akaandika kwamba Wahindu wa kale lazima walikuwa na mawasiliano na pande za ziwa hili.

Hasara yake ni nini? Sifa ilikwenda kwa ramani ya kughushi, ilhali wenye kujua walikuwa hai. Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Kaze, Tabora, ndiye aliyewaeleza Burton na Speke habari za ziwa la kaskazini. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani na kupelekwa India, alikuwa mkalimani wao, na Speke alizungumza naye kwa Kihindustani. Wasukuma na Wakerewe nao walikuwa wakivua katika maji haya vizazi na vizazi. Kama ulikuwapo uzi wa kweli kati ya India na safari ile, ulikuwa ni Bombay.

Hatusemi haya kwa kuidharau imani ya mtu. Kailash haukupungukiwa na kitu, maana mahujaji wake hawakuuhitaji Nile. Kosa ni la waliotaka hekaya iwe ramani. Basi akija mtu kutuambia kwamba Meru wa Arusha ndio Meru wa Purana, tumwombe ushahidi. Majina kufanana hakutoshi. Na watoto wetu wanaposoma kwamba Speke aligundua ziwa, waambiwe pia ni nani waliomwonyesha njia.