Kwa pikipiki hadi Sugoi: msafara wa kuziona mashine za zamani, na namna ya kuzitunza zilizobaki kwetu Pwani

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani bandarini Kilindini, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikwenda kazini kwa pikipiki aina ya BSA Bantam. Alipofariki, ilibaki uani kwetu chini ya mkungu, kuku wakitagia kwenye kiti. Mwaka 2009 niliiuza mimi mwenyewe kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Aliipima kwa mizani, akanihesabia shilingi 2,700, akaipakia kwenye mkokoteni pamoja na mabati. Siku ile niliona nimefanya biashara nzuri.

Mwaka jana niliungana na wenzangu wanane tukapanda pikipiki kutoka Mombasa hadi Sugoi, kaunti ya Uasin Gishu, kwenda kuona pikipiki tatu za zamani katika ghala la mahindi la mzee mmoja. Wengi wameniuliza tangu hapo: safari yenyewe hufanywaje, na kuna nini cha kutazama kwenye chuma kikongwe? Makala haya ni ya kuwajibu, na pia ni ya kumzuia mwengine asifanye nililofanya mimi.

Pikipiki ya zamani ni ipi?

Pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli iliundwa Ujerumani mwaka 1885 na Gottlieb Daimler pamoja na Wilhelm Maybach. Ilikuwa na fremu ya mbao na vigurudumu viwili vidogo vya pembeni vya kuizuia isianguke. Ile yenyewe haipo tena, maana iliteketea kwa moto kiwandani mwaka 1903. Zinazoonyeshwa leo ni nakala.

Uingereza kuna klabu ya wapenzi wa pikipiki za zamani, Vintage Motor Cycle Club, iliyoanzishwa mwaka 1946. Kipimo chake ni chepesi: mashine ikishapita miaka 25, inakubaliwa. Kwa kipimo hicho, Honda na Yamaha walizopanda maafisa wa kilimo na walimu wakuu miaka ya themanini na tisini zimo tayari. Hazihitaji kuwa za enzi ya ukoloni.

Bantam ya ami yangu ilikuwa na kisa kirefu kuliko nilivyojua. BSA ilianza kama kampuni ya kutengeneza bunduki mjini Birmingham mwaka 1861, na kirefu cha jina lake ni Birmingham Small Arms. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, michoro ya pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ilichukuliwa na washindi kama sehemu ya fidia ya vita. Waingereza wakaitumia kuunda Bantam mwaka 1948. Wamarekani wa Harley-Davidson wakaunda ya kwao kutokana na michoro hiyohiyo, na Wajapani wa Yamaha wakaifuata walipotoa pikipiki yao ya kwanza kabisa mwaka 1955. Bantam iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1971. Kwa hivyo ile niliyoiuza kwa kilo ilikuwa binamu ya Yamaha na ya Harley.

Wenzetu huzihifadhi vipi

Makumbusho makubwa kabisa ya pikipiki yako Birmingham nyengine, ile ya jimbo la Alabama, Marekani. Yanaitwa Barber Vintage Motorsports Museum, na yana zaidi ya pikipiki 1,600. Uingereza kuna National Motorcycle Museum, karibu na ile Birmingham iliyotoa BSA. Yalifunguliwa mwaka 1984 kwa ajili ya pikipiki za Kiingereza peke yake. Mnamo Septemba 2003 yalishika moto, na mamia ya pikipiki yakaungua. Desemba 2004 yalifunguliwa tena. Pikipiki nyingi zilizokuwa majivu na vyuma vilivyopinda zilirudishwa katika hali yake, kwa sababu michoro ilikuwapo, vipuri vilikuwapo, na mafundi waliojua kila parafujo inakaa wapi walikuwa hai.

Kwetu Kenya, mahali panapojulikana zaidi pa kuziona pikipiki kongwe zikipimwa na majaji ni Africa Concours d'Elegance, shindano la magari na pikipiki linalofanyika kila mwaka Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Mpenzi wa mambo ya kale akiwa Nairobi asikose pia Makumbusho ya Reli, na akifika Eldoret asogee hadi Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa Mwingereza aitwaye Stoneham.

Njia yenyewe

Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni kama kilomita 800. Ukiwa na pikipiki ndogo au kongwe usijaribu kumaliza kwa siku moja. Sisi tulikwenda kwa siku tatu: siku ya kwanza hadi Makindu, ya pili hadi Naivasha, ya tatu hadi Eldoret.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Kituo cha kwanza kilikuwa Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah kando ya reli, ambapo wasafiri wengi husimama kuswali na kunyoosha mgongo. Baada ya Voi unapita katikati ya mbuga ya Tsavo. Hapo usipite usiku, kwani ndovu hana taa za nyuma.

Ukifika Nairobi kumbuka kwamba barabara ya juu ya kulipia, Expressway, hairuhusu pikipiki wala tuktuk. Sisi tulishika Southern Bypass hadi Kikuyu na kuukwepa mji. Kutoka hapo ni Limuru, Naivasha, Gilgil na Nakuru. Kipande cha Salgaa hadi Mau Summit kina mteremko mrefu na malori mengi, na kimeua watu wengi. Shuka kwa gia ndogo, usitegemee breki peke yake, na usikae pembeni ya lori mahali dereva hakuoni kwenye kioo.

Baada ya Mau Summit unaingia Timboroa. Hapo reli ya zamani hupita mita 2,784 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliozoea usawa wa bahari wenyewe tulipata mambo mawili. La kwanza ni baridi: vidole vinakufa ganzi mpaka hujui kama umeshika klachi. Chukua glavu na koti la kuzuia upepo, si kikoi shingoni. La pili ni injini. Hewa ya huko ni nyepesi, pungufu kwa karibu robo moja ya ile ya Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa Pwani huendelea kumimina petroli ileile wakati hewa imepungua, basi pikipiki inatoa moshi mweusi, inakohoa, na plagi inaingia masizi. Dawa ni kupunguza petroli kwa kubadilisha jeti ya kabureta, kubeba plagi za akiba, na kukubali mwendo wa polepole. Ukirudi Pwani usisahau kuirudisha ilivyokuwa, la sivyo injini itapata joto kupita kiasi.

Nidhamu ya msafara

Waislamu tumefundishwa kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja kuwa amiri wao. Kwa pikipiki tisa, jambo hilo si heshima tu, ni uhai. Kanuni zetu zilikuwa hizi.

Kiongozi hutangulia, na mtu mzoefu zaidi baada yake hukaa mwisho kabisa. Huyo wa mwisho ndiye mwenye vifaa vya ufundi na sanduku la huduma ya kwanza, na hampiti mtu yeyote aliyekwama.

Mwenye pikipiki dhaifu huwekwa nyuma tu ya kiongozi. Ukimweka nyuma ya wote atakimbizana kuwafikia, na hapo ndipo ajali hutokea.

Tunapanda kwa mshazari: mmoja upande wa kulia wa njia yetu, anayefuata upande wa kushoto, nyuma kidogo. Kati yako na aliye mbele yako upande wako, hesabu sekunde mbili. Mvua ikinyesha, hesabu nne. Kwenye kona kali kila mtu anafuata mstari mmoja.

Kituo cha mafuta hupangwa kwa tangi dogo kuliko yote, si kwa tangi la kiongozi.

Kofia ngumu na koti la kung'aa ni lazima kisheria, kwa dereva na kwa abiria, na abiria ni mmoja tu. Kijana mmoja wetu alikuja na kofia isiyo na ukanda. Amiri alimwambia, "Mwanangu, hiyo umeibeba, hujaivaa." Hatukuondoka mpaka imepatikana nyengine.

Tulichokiona Sugoi

Sugoi ni kijiji cha wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, upande wa Turbo ukitoka Eldoret kwa barabara ya Uganda. Wakenya wanalijua jina hilo kwa sababu Rais William Ruto ana nyumba yake huko. Ukiendelea mbele magharibi utafika Busia, mpakani, ambako neno boda boda lilizaliwa. Waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, na pikipiki zikairithi kazi na jina.

Mwenyeji wetu alifanya kazi ya ufundi Mombasa ujanani na ni rafiki wa baba wa mmoja wetu. Tulimpa shikamoo, naye akacheka kwamba ni miaka mingi hajaisikia, kisha akatukaribisha chai na mursik, maziwa yao ya kibuyu. Baadaye akafungua ghala. Nyuma ya magunia palikuwa na Honda, Yamaha, na Bantam.

Bantam aliiwasha mbele yetu. Injini yake ni ya mipigo miwili, oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Alipiga teke mara nne, ikaitika, na moshi wa samawati ukajaa ghalani. Mimi nilirudi nje. Harufu ile ndiyo iliyokuwa kwenye shati la ami yangu kila jioni akirudi kazini, na nilikuwa nimeisahau kabisa.

Mzee akanifuata. "Ya kwenu iko wapi?"

"Niliiuza, mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa kilo."

Hakunilaumu. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Kila pikipiki ilikuwa na kurasa zake: namba ya fremu, namba ya injini, nani aliinunua mwanzo, ilipita mikononi mwa nani, iliharibika wapi na nani aliitengeneza. "Hizi zitakufa siku moja," akasema. "Hili daftari nimewaandikia watoto wangu wakili mikono miwili, wasije wakasema hawakujua."

Kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma

Usitegemee sheria ikufanyie kazi hiyo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inapotaja vitu vya kale vinavyohamishika, mstari wake ni mwaka 1895. Chombo kilichotengenezwa au kuletwa nchini baada ya hapo hakihesabiwi kuwa cha kale kwa umri wake peke yake. Ndani ya Ngome ya Yesu utaona vyombo vilivyotolewa kwenye jahazi la Kireno lililozama mwaka 1697. Pikipiki ya babu yako haina ngome. Ina wewe tu.

Basi ikiwa ipo uani, fanya haya. Ipige picha pande zote. Nakili namba ya fremu na ya injini, na weka kitabu cha usajili mahali pakavu. Toa petroli iliyolala kwenye tangi na kabureta. Fungua plagi, tia oili kidogo ndani ya silinda, kisha uzungushe injini kwa mkono mara moja kwa mwezi ili isigande. Inua magurudumu yasiguse ardhi. Hewa yetu ya chumvi hula chuma, kwa hivyo pakaza grisi sehemu zote zilizo wazi, na uifunike kwa kitambaa, si nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Kisha kaa na wazee uwaulize habari zake wakiwa bado wanakumbuka.

Kama lazima uuze, uza kwa mtu atakayeipanda au kuitengeneza. Ikiwa haina budi kuwa chuma chakavu, Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni. Muombe akuonyeshe.

Tuliporudi Mombasa nilinunua daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika Bantam ya ami. Namba ya fremu nimeiacha wazi, kwa kuwa sina pa kuipata. Ukurasa wa pili ni wa Honda ya jirani yetu, ambayo bado iko nyuma ya jiko lao, na namba zake nimezinakili zote mbili.