Tembe: ngome ya Ugogo, na adui aliyebaki ndani

Muuguzi wenu nipo. Leo historia kidogo, halafu mwishoni tutarudi kwenye afya kama kawaida yetu. Usiishie katikati, maana jambo la mama mjamzito nimeliweka sehemu ya 5.

SEHEMU YA 1: Swali la madirisha

Kuna mama aliniuliza: "Nesi, kwa nini tembe za bibi zetu hazikuwa na madirisha? Hawakujua umuhimu wa hewa?" Walijua sana. Ila wewe ukijenga leo unawaza mvua, joto na bei ya bati. Bibi wa bibi yako alijenga akiwaza nani atakuja usiku. Tembe ilikuwa nyumba, na ilikuwa ngome vilevile.

Ukisikia neno ngome unawaza Fort Jesus ya Mombasa, au yale makasri ya Uingereza ya kwenye filamu. Sawa, tuanzie hukohuko.

SEHEMU YA 2: Wenzetu walijengaje

Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Walikuwa wachache kati ya watu wasiowapenda, kwa hiyo walijenga ngome haraka haraka: kilima cha udongo, mnara wa mbao juu yake, na uzio. Mbao zinaungua na zinaoza, basi wakahamia kwenye mawe. Ule Mnara Mweupe wa London ulianza kujengwa miaka ya 1070, na kuta zake chini zina unene wa karibu mita 4 na nusu. Hebu pima chumba chako cha kulala. Ukuta tu unaweza kukizidi!

Lakini kila ngome ina udhaifu wake. Mwaka 1215 Mfalme John aliizingira ngome ya Rochester. Mafundi wake wakachimba chini ya kona ya mnara, wakashikiza kwa nguzo za miti, kisha mfalme akaagiza nguruwe 40 wanono. Si wa kula. Mafuta yao yalichochea moto, nguzo zikaungua, kona ikaporomoka. Hata hivyo waliokuwa ndani walirudi nyuma ya ukuta wa katikati wakaendelea kupigana, mpaka njaa ikawatoa. Kona ile ilijengwa upya ikiwa ya mviringo, maana kona ya pembe ni rahisi kubomolewa. Hadi leo mnara ule una kona tatu za pembe na moja ya duara.

Shika mambo mawili hapo: moto na njaa. Sasa rudi nyumbani.

SEHEMU YA 3: Mgogo alijibu vipi

Uwanda wetu wa kati ni mkavu na uko wazi. Hakuna bahari ya kukukinga, na mawe ya kuchonga kuta si kila mahali. Utajiri ni ng'ombe, na ng'ombe anaonekana kutoka mbali. Wavamizi walikuja kuchukua mifugo: Wamasai upande mmoja, Wahehe upande mwingine. Katikati inapita njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora. Karne ya 19 misafara ilisimama Ugogo kulipa hongo kwa watemi, yaani ushuru wa kupita na kupata maji. Stanley alilipa alipopita mwaka 1871. Palikuwa na mali, na palipo na mali pana macho.

Angalia basi akili ya tembe. Vyumba vinapangwa kwa mstari kuzunguka uwanja wa katikati. Ukuta wa nje ni wa miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo, hauna dirisha, na mlango ni mmoja au michache. Usiku ng'ombe wanalala katikati. Mwizi akitaka ng'ombe lazima apite ndani ya nyumba ya watu.

Paa ndilo limebeba siri kubwa. Paa la nyasi linaisha kwa kijinga kimoja tu cha moto. Paa la tembe ni bapa, limewekwa magogo, fito, kisha udongo juu. Halishiki moto hivihivi. Kwa juu mama anaanika mtama na uwele, na mtu akisimama pale anaona vumbi la wanaokuja. Na njaa? Nafaka inahifadhiwa ndani, chini ya paa hilohilo. Kumbe yale mawili yaliyoiangusha Rochester, bibi zetu waliyafikiria.

Hatukuwa peke yetu. Warangi na Wanyaturu nao walijenga tembe. Wairaqw kule Mbulu waliingiza nyumba zao ardhini ili zisionekane. Ukiwa Dar es Salaam, peleka watoto Kijiji cha Makumbusho, wataiona tembe ya Kigogo wakaigusa.

SEHEMU YA 4: Udongo ulipokutana na mzinga

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya tembe ya familia. Mtemi Isike wa Unyanyembe, karibu na Tabora, alikuwa na ngome ambayo Wajerumani waliishambulia mwaka 1892 wakashindwa. Januari 1893 walirudi chini ya Tom von Prince wakaivunja. Isike alipoona wameingia, aliwasha ghala lake la baruti akiwa humohumo. Hakutaka kukamatwa. Mwaka uliofuata, Oktoba 1894, ikaanguka Lipuli, ngome ya mawe ya Mkwawa pale Kalenga, Iringa. Jina hilo unalijua kwenye timu ya mpira.

Wajerumani nao wakajenga za kwao, Mpwapwa ikiwa kati ya vituo vyao vya mwanzo huku bara. Wenyeji wakaziita boma, neno letu la uzio wa ng'ombe. Ndiyo maana mpaka leo mzee akienda ofisi ya wilaya anasema anaenda bomani.

SEHEMU YA 5: Adui wa ndani

Hapa sasa ndipo pangu kama muuguzi. Ukuta wa udongo wenye nyufa, sakafu ya vumbi, giza mchana kutwa: hayo yalimzuia mvamizi, lakini yalimkaribisha papasi. Huyu ni ndugu wa kupe. Mchana anajificha kwenye nyufa na vumbi, usiku anatoka, anakunyonya damu kwa muda mfupi ukiwa usingizini, anarudi alikotoka. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Unahama, unarudi, yeye yupo anakusubiri.

Anaacha vijidudu vya homa ya papasi. Daktari Joseph Dutton alikuwa Kongo akichunguza jambo hilo, akaugua homa hiyohiyo na kufariki Kasongo mwaka 1905. Kijidudu kikapewa jina lake. Mwaka huohuo Robert Koch alikuwa huku kwetu, naye akathibitisha kwamba papasi ndiye msambazaji, na kwamba mama papasi anawarithisha watoto wake ugonjwa.

Homa yenyewe inapanda ghafla, kichwa na viungo vinauma, siku chache inapoa. Unasema nimepona. Baada ya siku kadhaa inarudi. Kwa mjamzito ni hatari: mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa njiti, au akafariki siku za mwanzo.

Na kipimo cha haraka cha malaria, kile cha mistari, hakiwezi kuuona. Kwa hiyo ukiambiwa "malaria hakuna" na homa inaendelea au inarudi, usikae na panadol nyumbani. Sema waziwazi: "Nalala nyumba ya udongo, naomba damu iangaliwe kwa hadubini." Dawa ipo na inatibu. Ila usinunue dukani ukanywe peke yako, kwani baada ya dozi ya kwanza wengine wanatetemeka sana na presha inashuka. Tunataka uwe mbele ya macho yetu.

SEHEMU YA 6: Tufanye nini na tembe?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma iliwahamishia watu wengi kwenye vijiji, na bati likaanza kuingia. Lakini tembe bado zipo Chamwino, Bahi na Mpwapwa, na anayeishi humo si mjinga wala mchafu. Amerithi jibu la swali la zamani. Swali limebadilika tu.

Kama ndiyo nyumba yako, anza na unachoweza. Ziba nyufa za ukuta, na sakafu ikiwezekana ipigwe saruji. Lala kitandani, si chini, na kitanda kisiguse ukuta. Kuku na mbuzi wapate banda lao. Toboa dirisha, hasa panapopikiwa, maana moshi ule unaingia kwenye kifua cha mtoto wako kwanza. Mvamizi wa ng'ombe hayupo tena usiku huu. Mwanga uingie.

Ninyi kwenu bibi alijenga nini? Tembe, msonge, au nyumba ya mawe ya pwani? Muulize kabla hajasahau, halafu tuandikie hapa. Na kama kuna mjamzito jirani yako ana homa inayokwenda na kurudi, mtumie sehemu ya 5 leo hii, usingoje kesho.