Sindano Ilikuja Kama Msaidizi

Mjomba wangu ni seremala katika Agakiriro, hapa Gisozi. Mwaka jana kiharusi kilimpooza mkono na mguu wa kulia. Alitoka hospitalini na vidonge vya shinikizo la damu pamoja na ratiba ya mazoezi ya viungo. Miezi ikapita, mkono ukawa bado mzito. Jirani akamweleza habari za madaktari wa Kichina wanaotibu kwa sindano nyembamba, yaani akyupancha. Mjomba akaniuliza: "Wewe unayesoma historia, nikizipata sindano hizo, niache vidonge?" Insha hii ni jibu langu kwake.

Akyupancha imeelezwa katika vitabu vya tiba vya China kwa takriban miaka 2,000. Hata hivyo, haikuheshimiwa nyakati zote. Mwaka 1822 Mfalme Daoguang aliiondoa katika taasisi ya tiba ya ikulu. Katika miaka ya 1950, serikali ya Mao Zedong, ikiwa na madaktari wachache na wagonjwa wengi, iliihimiza tena ifanye kazi bega kwa bega na tiba ya kisasa.

Mwaka 1971 mwandishi wa Marekani, James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Beijing. Madaktari walimpasua kwa dawa ya ganzi ya kawaida. Sindano zilitumika baadaye, kumtuliza maumivu. Aliporipoti hayo katika gazeti la The New York Times, habari ilivuma, na baadhi ya watu wakadhani alipasuliwa kwa sindano tu. Msaidizi akavishwa joho la tabibu mkuu. Kosa la mjomba ni lilelile.

Mwaka huohuo Rwanda na China zilianzisha uhusiano wa kibalozi. Wakati huo Zanzibar ilikuwa imeshapokea madaktari wa Kichina tangu 1964, na Tanzania Bara tangu 1968. Kwetu walifika mwaka 1982, kutoka Inner Mongolia, wakahudumu Kibungo. Baadaye wakawapo pia katika Hospitali ya Masaka, hapa Kigali. Katika timu hizo mtaalamu wa sindano hufanya kazi pamoja na madaktari wa fani nyingine, wakiwemo wa upasuaji. Kwa hiyo hata huku sindano haikuja kuchukua nafasi ya hospitali. Ilikuja ndani ya hospitali.

Utafiti nao hauendi mbali na historia. Mwaka 2016 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 31 kuhusu akyupancha na wagonjwa waliopata kiharusi. Yalionyesha kwamba huenda ikasaidia viungo kurudisha nguvu, lakini ubora wa majaribio mengi ulikuwa mdogo mno kuweza kuipendekeza kwa kila mgonjwa. Zaidi ya hayo, sindano si badala ya vidonge: shinikizo la damu likiachwa bila dawa, kiharusi cha pili kinaweza kuja.

Nilimsomea mjomba haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Basi randa nitaishika lini tena?" Historia haina jibu la swali hilo. Nilimpa vidonge vyake vya jioni, tukafanya mazoezi ya mkono, halafu tukapanga siku ya kwenda Masaka.