Rapia: Upanga Unaopimwa kwa Mwili wa Mwenyewe

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milano. Huko kwao Cairati, vijana wa mjini walikuwa wameshikwa na shauku ya upanga mwembamba, mrefu, wa kuchoma zaidi kuliko kukata. Huo ndio rapia. Msomaji wa pwani anayefahamu jambia na kitara, silaha za chuma kilichopinda, afikirie kinyume chake: chuma kilichonyooka kama mshale, nguvu zake zote zimo kwenye ncha. Inadhaniwa jina limetokana na Kihispania, espada ropera, yaani upanga wa mavazi. Raia aliuvaa pamoja na joho lake kwenda matembezini. Haukuwa wa kwenda nao vitani.

Leo watu wa nchi nyingi wanajifunza upya mchezo wa upanga huo kutoka vitabu vya mabingwa wa kale, na swali la kwanza la kila mwanafunzi ni moja: ninunue upanga gani wa mazoezi? Kwa maoni yangu, jibu limo vitabuni humohumo. Chagua bingwa kwanza, upanga utafuata.

Aliyeipa ncha hoja yake kitabuni ni Camillo Agrippa, naye wala hakuwa mwalimu wa panga bali mhandisi. Katika kitabu alichochapisha Roma mwaka 1553 aliipunguza mikao mikuu ya kujikinga ikabaki minne, akaiita kwa namba tu: prima, seconda, terza, quarta. Prima ni mkono ulivyo pale upanga unapotoka alani. Mingine inafuata kadiri kiganja kinavyogeuka. Kwa michoro ya jometri akaonyesha kwamba ncha inayokwenda moja kwa moja hufika mapema kuliko makali yanayozunguka. Namba zile bado zinatajwa katika kumbi za mazoezi hadi leo.

Baada yake Waitalia walizidi kuandika. Mwaka 1606 pekee vilitoka vitabu viwili vikubwa, cha Nicoletto Giganti huko Venezia na cha Salvator Fabris huko Copenhagen, alikokuwa akimtumikia Mfalme Christian IV wa Denmark. Ridolfo Capo Ferro akafuata na chake, Siena, mwaka 1610. Yeye anatoa kipimo ambacho fundi cherehani angekipenda: upanga uwe mara mbili ya urefu wa mkono wako, sawa na kutoka kwapani hadi wayo wa mguu. Lakini Girard Thibault wa Antwerp, mfuasi wa elimu ya Kihispania iliyoanzishwa na Jerónimo de Carranza, anasema simika ncha chini, miguu pamoja, na kinga ya mkono iishie kwenye kitovu. Tofauti hiyo si ndogo. Mwanafunzi wa Capo Ferro anajitupa mbele kwa hatua ndefu, akitegemea urefu wa chuma. Wa Thibault anatembea wima kuzunguka duara, akitafuta pembe. Ukinunua upanga wa mmoja na kusoma kitabu cha mwingine, utahangaika.

London urefu ukawa jambo la serikali. Malkia Elizabeth I alipiga marufuku chuma kinachozidi wari moja na nusu robo, kama sentimita 103, na masimulizi ya zama hizo yanataja walinzi kwenye milango ya mji wakivunja ncha zilizozidi. Hata hivyo Vincentio Saviolo, Mwitalia, alifundisha huko na kuchapisha kitabu chake mwaka 1595. Miaka minne baadaye George Silver akamjibu kwa hasira kwamba rapia ni mrefu mno na haumkingi mwenyewe. Tusimdharau Silver. Aliona wazi kwamba wawili wakichomana kwa pamoja, hakuna mshindi.

Upanga wa mazoezi umetengenezwa kwa hofu hiyohiyo. Ncha yake ni butu, imekunjwa au kutandazwa, kisha inavikwa kifuniko cha mpira. Chuma kiwe kinanyumbulika: kikigusa kifua kipinde, kisha kirudi kunyooka. Panga nyingi nzuri zina uzito wa kilo 1 hadi 1.3. Uzani wa upanga usawazike sentimita chache mbele ya kinga ya mkono, kama 8 hadi 12. Ukiwa mbele zaidi, kifundo cha mkono na kiwiko vitaumia kabla ya mwezi kwisha. Upanga wa pambo la ukutani usiuguse kabisa kwa kazi hii, kwa sababu mara nyingi chuma kinachoingia ndani ya mpini ni chembamba na hukatika. Barakoa, kinga ya koo, koti nene na glavu vinunuliwe kabla ya upanga wenyewe.

Katika Hamlet ya Shakespeare, Laertes anachagua kwa siri upanga usio butu kati ya panga za mchezo, na mchezo unageuka mauaji. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila siku ya mazoezi pitisha kidole kwenye ncha ya upanga wako, halafu mwombe mwenzako akuonyeshe ya kwake.