Kwani Mtoto ni Mgeni? Historia ya Mahali Mtoi Analala

Dada yangu anajifungua mwezi ujao na kwetu kuna vita. Si vita ya jina, jina lilishapatikana. Vita ni mtoi atalala wapi.

Yeye na mzee wake wanaishi bedsita. Ukifungua mlango umefika jikoni, hatua tatu umefika kitandani. Sasa jamaa aliona kwa simu kitanda kidogo cha mtoto, kile kinachofungwa ubavuni mwa kitanda cha wazazi, upande mmoja uko chini ili mama anyooshe tu mkono. Bei yake ni kodi ya miezi miwili na kitu juu. Mathee akasema hizo ni pesa za kumwaga, mtoto anunuliwe kitanda cha kawaida cha mbao, akue nacho mpaka aanze shule. Shosho naye, akiwa Murang'a, akaitisha simu iwekwe spika, akauliza swali moja tu: "Kwani mtoto ni mgeni, awekewe kitanda chake?"

Tulicheka sana. Halafu, kwa sababu mimi ndiye mtu wa intaneti kwa hii familia, nikatumwa nitafute jibu. Nilienda kutafuta bei, nikarudi na historia. Skiza.

Anza na hadithi unayoijua tangu Sunday school. Wanawake wawili mbele ya Mfalme Sulemani, mtoto mmoja, upanga. Sisi hukumbuka upanga. Tunasahau kesi ilianzaje: mtoto wa mmoja wao alikufa usiku kwa sababu mama yake alimlalia. Yaani hofu hii ni ya zamani kuliko kitanda chochote kinachouzwa leo. Usiku, mama amechoka, mtoto mdogo yuko chini ya nguo zilezile za kujifunika.

Ulaya hofu hiyo iliingia mpaka kanisani. Enzi za kati, mzazi ambaye mtoto wake alipatikana amekufa kitandani angeweza kupewa kitubio na Kanisa, na si ajabu majirani waseme alifanya makusudi. Hakukuwa na daktari wa kuchunguza maiti ya mtoto wa maskini. Kulikuwa na mama na mdomo wa watu.

Halafu watu wa Florence, kule Italia, wakatengeneza kitu kinaitwa arcuccio. Ni fremu yenye matao, kama kibanda kidogo, ambayo mtoto anawekwa ndani yake juu ya kitanda cha mkubwa. Blanketi linapita juu ya matao bila kumgusa, na hata mtu akigeuka usingizini hamfikii. Pembeni kulikuwa na pengo lililokatwa ili mama aweze kumnyonyesha akiwa palepale. Miaka ya 1730 barua kuhusu kifaa hiki ilichapishwa London, na mwandishi wake alisema mnyonyeshaji wa Florence ambaye hakukitumia alikuwa hatarini kutengwa na Kanisa. Manze, nilipoona mchoro wake nilishtuka. Mtoto ana nafasi yake, mama yuko pale pale, mkono unafika. Kile kitanda shemeji aliona kwa simu kina wazo la karibu miaka 300.

Lakini wazo hilo halikushinda. Karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, familia zenye pesa Uingereza na Marekani zilimtoa mtoto si kitandani tu, bali chumbani kabisa. Alikuwa na chumba chake, kitanda chake cha mbao na yaya wake. Madaktari wakaandika vitabu kama vya sheria. Luther Emmett Holt, Marekani, 1894, aliwaambia akina mama wasiwabembeze watoto ili walale. New Zealand, 1907, Frederic Truby King alianzisha chama kilichofundisha kunyonyesha kwa saa: kila baada ya saa nne, na usiku mtoto aachwe alale. Kisha mwanasaikolojia John B. Watson, 1928, akashauri wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto, na asubuhi wawasalimie kwa mkono. Kwa mkono! Kama mko interview.

Kitanda anachokiona mathee kichwani, kile cha mbao chenye fito pande zote, kinasimama peke yake kwa chumba cha rangi ya maziwa, kimetoka kwa historia hii. Si kibaya. Lakini kilitengenezewa nyumba yenye chumba cha ziada, na watu walioamini kwamba mtoto kuzoea kuwa mbali ni malezi mazuri.

Sasa ingia sehemu inayoumiza. Daktari Benjamin Spock aliandika kitabu cha malezi 1946, na kilinunuliwa na mamilioni ya watu. Kufikia miaka ya 1950 kitabu kikawa kinashauri mtoto alazwe kifudifudi, ati akitapika akiwa chali atasakamwa. Inasikika kama akili, sivyo? Wazazi wengi wakafuata. Lakini mtoto mchanga akilala kifudifudi, hasa juu ya kitu laini, anaweza kuvuta tena hewa aliyoitoa, na ni vigumu zaidi kwake kushtuka na kuamka. 2005 watafiti wakiongozwa na Ruth Gilbert walirudi kuangalia tafiti zote za nyuma. Waliona kwamba kufikia 1970 ushahidi wa hatari hiyo ulikuwa tayari upo. Kama ungekusanywa na kufuatwa mapema, watoto zaidi ya 10,000 Uingereza, na angalau 50,000 Ulaya, Marekani na Australasia, huenda wasingekufa.

Kampeni za kulaza watoto chali zilikuja miaka ya 1990. New Zealand na Uingereza zilianza 1991, Marekani 1994. Ndani ya karibu miaka kumi, vifo vya ghafla vya watoto wachanga Marekani vilipungua kwa karibu nusu. Hakukuwa na chanjo wala mashine. Mtoto aligeuzwa tu.

Wakati huohuo watu wakaanza kujiuliza kama kumweka mbali ilikuwa lazima. James McKenna, mwanaanthropolojia wa Marekani, alilaza akina mama na watoto wao kwenye maabara ya usingizi akaona wanavyoshtuka na kugeuka pamoja usiku, bila hata mama kuamka kabisa. Kabla yake, miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super walikuwa wamekaa hapa kwetu, Kokwet, kwa Wakipsigis. Waliona watoto wanalala na mama, wanaamka mara kadhaa kunyonya, na mama haoni hilo kama shida ya kutibiwa. Lilikuwa ni usiku wa kawaida. 1991 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, na moja ya masharti yake ni mama na mtoto wakae chumba kimoja saa 24. Na 2016 chama cha madaktari wa watoto Marekani kikasema hivi: mtoto alale chumba cha wazazi angalau miezi sita ya kwanza, karibu na kitanda chao, lakini juu ya kitanda chake. Wakaeleza kwamba kufanya hivyo kunaweza kupunguza hatari ya kifo cha ghafla hadi asilimia 50.

Kwa hivyo walizunguka wakarudi karibu na alipokuwa shosho siku zote. Hapo ndipo nilitaka kumalizia hii post. "Wazungu wamechelewa, shosho alijua, asante kwa kusoma." Nikampigia simu nimwambie ameshinda.

Shosho hakucheka. Alinyamaza kidogo, nikadhani network imepotea. Kisha akasema, "Mimi nilizaa wanane."

Sisi sote tunajua saba. Tumewahesabu kwa harusi na kwa matanga. Wa nane alikuwa wa tatu kuzaliwa, msichana, hakuwa amemaliza miezi miwili. Shosho aliamka kupika chai kabla ya alfajiri, akamgusa, akakuta amepoa. Hakuna aliyemwambia kitu. Walimwangalia tu. "Mpaka leo sijui kama nilimlalia," akasema, kwa ile sauti anayotumia kusema mvua imechelewa.

Sikuwa na la kusema, nikamwambia nilichosoma. Kwamba 1969 madaktari walikutana Seattle, wakakubaliana jina na maana ya vifo hivi, vya mtoto anayelala mzima na hata baada ya kuchunguzwa chanzo hakionekani. Kwamba si kila mtoto anayekutwa amepoa asubuhi alilaliwa. Kwamba mimi siwezi kujua ya kwake ilikuwa gani, na hata wale waliomwangalia hawakuwa wanajua. Alinyamaza tena. Halafu akauliza, "Hicho kitanda cha simu, akiwa amelala, mkono unafika?"

Nikasema unafika.

"Basi sawa."

Ndio maana sitaki tudanganyane kwamba vya zamani vyote vilikuwa salama. Hata kitanda chenyewe kimebadilika. Shosho alilala juu ya gunia lililojazwa nyasi, gumu. Dada yangu analala juu ya sponji inayokumeza, na duvet nzito, na mito minne ya mapambo. Ongeza mzazi aliyekunywa, au sigara, au mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na kumlaza katikati yenu kunakuwa hatari kweli. Na kochi ni mbaya zaidi: mama akisinziaa hapo na mtoto kifuani, anaweza kuteleza akabanwa kwenye mito.

Lakini pia usiamini kila kitu chenye tagi ya bei. Vitanda vya mtoto vyenye upande unaoteremka vilipigwa marufuku Marekani 2011, baada ya watoto kubanwa pale upande ulipochomoka. 2019 Fisher-Price waliita warudishiwe Rock 'n Play karibu milioni 4.7, kitanda kilichoinama, baada ya zaidi ya vifo 30 kuhusishwa nacho. 2022 sheria ya Marekani ikakataza vitanda vilivyoinama na vile vimito vya kuzungushia kitanda, ambavyo ndivyo huwa vinapendeza kwa picha. Kwa hivyo ukipata cha mitumba, kumbuka kinaweza kuwa kilikataliwa kilikotoka.

Na kama doo hakuna, usijione umefeli. Finland, 1938, serikali ilianza kuwapa akina mama maskini boksi la vitu vya mtoto, na boksi lenyewe ndilo likawa kitanda. Wakati huo, kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa huko, 65 walikufa kabla ya mwaka mmoja. Kutoka 1949 kila mama aliweza kulipata, mradi aende kliniki kabla ya mwezi wa nne wa mimba kuisha. Boksi peke yake halikuokoa watoto, kliniki ilifanya kazi kubwa. Lakini vizazi vya Finland vimelala kwa katoni na vikakua.

Kwa hivyo niliporudi kwa family group niliandika hivi. Godoro liwe gumu na tambarare, lijae fremu bila nafasi pembeni. Mtoto alale chali, na ndani kusiwe na mto, mdoli wala blanketi zito. Kopo la soda lisipite kati ya fito. Kikiwa cha kando ya kitanda, kifungwe kwa mikanda mpaka kisisogee, kusiwe na mwanya kati yake na godoro la mama, na ubao mfupi ubaki upande wa mama ili mtoto asiviringike. Tukienda ushago au pwani, chandarua kiwafunike wote wawili. Na siku mtoi ataanza kujisukuma kwa mikono na magoti, kazi ya kitanda hicho imeisha.

Hicho cha simu hatukununua. Kilikuwa na taa, muziki na mtetemo, vitu ambavyo hakuna mtoto amewahi kuomba. Tulienda kwa fundi kando ya Ngong Road na vipimo vya kitanda cha dada yangu, pamoja na hiyo orodha. Mathee ndiye aliyebaki hapo akisimamia, na ndiye aliyemrudisha fundi mara mbili kwa sababu ya mwanya wa kidole kimoja. Pesa zilizobaki tumeziweka za hospitali.

Kitanda kimefika, kimefungwa, na kwa sasa kimejaa nguo za kupigwa pasi. Shosho anakuja mtoto akizaliwa. Amesema tusikiguse mpaka alale upande ule wa dada yangu, anyooshe mkono, ajionee mwenyewe kama unafika.