Ajika: Chumvi Iliyohama na Watu Wake

Pilipili ya kusaga sote tunaijua, lakini wachache wetu tunakijua kisa cha ajika ya Waabkhazi, watu wa milima ya Kaukasi kando ya Bahari Nyeusi.

Kwa lugha yao, neno hilo maana yake ni chumvi. Pilipili ilikuja baadaye, kwani asili yake ni bara la Amerika, nayo ilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Nyumbani husagwa juu ya jiwe: pilipili nyekundu kavu, kitunguu thomu, giligilani, uwatu na chumvi nyingi, mpaka iwe rojo nzito. Chumvi ndiyo huihifadhi isioze. Anayesaga asiguse macho!

Urusi ilipomaliza kuiteka Kaukasi mwaka 1864, na tena baada ya maasi ya 1866 na vita vya 1877-1878, maelfu ya Waabkhazi, wengi wao Waislamu, walilazimika kuhamia Dola ya Uthmaniya. Wakaitwa muhajiri. Waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao, lakini ajika waliondoka nayo. Hadi leo nchini Uturuki huitwa acuka, na hupakwa kwenye mkate.

Basi tuwaite watoto jikoni, tuwasimulie tulikotoka huku wakitusaidia kusaga.